Pisine ya Riziki na jua ya bure

Siku ya pili ya juma, 6 mwezi wa saba 1954

Bahati iko muvivu. Nilimuzaa mimi mwenyewe, na shimo ya pisine, ya kuogelea, bado haijaisha. Asubui nimemuambia: "Papa Riziki, binti yako akose miguu sababu unaogopa jembe?" Amechimba.

Homa ililegeza miguu ya Riziki. Munganga wa Kirotshe alisema arushe miguu mu maji ya moto-moto kila siku, mbele ya mvua kurudi. Kuni za kuchemusha maji mingi vile, tutatoa wapi? Jua njo ya bure.

Siku ya tano, 9

Pisine imeisha. Ya wazungu iko ya simenti, ya kwetu udongo, maji mpaka kifua ya mutoto. Maji ya muto inapita mu mianzi, inashuka polepole juu ya manjanja mane, mabati ya nyumba ya zamani, inaingia mu shimo. Jua iichome njiani. Lakini manjanja inangaa, maji inabakia baridi. Riziki ameingia, amelia, ametoka.

Nimesema tupake manjanja masizi, nyeusi inavuta jua. Bahati anataka kuichanganya na utomvu wa migomba. Nimemujibu: "Ngombe zetu zimekufa?" Nimeweka mafuta ya ngombe, kibuyu muzima.

Siku ya posho, 10

Jua kali. Saa sita maji imepata moto, nimejivuna mbele ya majirani. Halafu mafuta imeyeyuka. Yote mu pisine, na masizi. Riziki ameteleza, maji imemupita kichwa. Mama yake amemutoa mweusi, anakohoa. Ameniangalia tu. Afazali angenitukana.

Siku ya Mungu, 11

Sikuenda misa. Nimemwaga maji yote na ndoo, peke yangu. Riziki anakataa hata kunawa uso, ananiambia mimi babu yake: "Tate, maji yako inakula batoto."

Kosa iko yangu. Bahati hakunicheka. Hiyo njo inauma.

Siku ya ine, 15

Masizi na utomvu. Imekauka siku mbili, haitoki hata ukikwaruza. Chini tumemwaga changarawe.

Nimeingia wa kwanza, na nguo zangu zote. Mama Riziki amecheka mpaka ameshika kiuno. Maji iko muzuri. Riziki ameniangalia sana. Halafu ameingiza muguu moja. Ule muzaifu zaidi. Ameuchezesha.

Ukungu inashuka. Nimemuambia Bahati: funika maji na majani sasa hivi, moto isitoke. Na kesho ukate mugomba ingine, upake njanja ya tano. Vile unajua wewe.