Panya wa Kitenge

Jumamosi, 8 Julai 1995

Nimemaliza mkia. Uzi mwekundu, nimeusokota na kuupiga mafundo ili usifumuke. Mwili ni kitenge cha kijani. Tumboni vizibo vya soda nilivyoviponda kwa jiwe, vilie akimtikisa. Mgongoni manyoya ya kuku tuliyemla jana, Sabasaba. Panya hana manyoya ya kuku, najua. Lakini Ruksa anapenda kitu kinachopepea.

Pamba haikutosha. Nikaongezea fulana chakavu ya Masanja, mtoto wa jirani, ambayo mama yake aliitupa jalalani. Kitenge alinipa Bibi Milembe, mpangaji mwenzetu, kipande kilichobaki aliposhonesha gauni. Hakuniuliza cha nini. Ndiyo maana nampenda, haulizi.

Ruksa ni paka wake. Alimpa jina hilo kwa sababu anaingia chumba cha mtu yeyote bila hodi. "Siku hizi kila kitu ni luksa, Lita," anasema. Mimi ni Rita, ila kwake ni Lita.

Wazo nililipata kwenye gazeti la Kiingereza la maktaba ya shule. Huko kwao paka ana vitu vyake vya kuchezea, vinauzwa dukani! Nilisoma ukurasa ule mara mbili na kamusi, nikidhani nimekosea kuelewa. Ruksa tayari ana kibiriti chenye punje za mahindi na soksi ya Baba yenye fundo. Panya ndiye mzuri kuliko vyote.

Mtu asijue. Niko kidato cha pili. Wenzangu wanashonea wachumba leso, mimi namshonea paka.

Jumatatu, 10 Julai

Panya hayupo. Nimetafuta chini ya kitanda, nyuma ya ndoo, uani kote. Ruksa atakuwa amembeba. Naona uchungu kama nimeibiwa.

Shuleni mwalimu aliniuliza swali nililojua jibu lake. Sikujibu. Niliinamia daftari kama kawaida.

Masanja ana homa. Mama yake ameshinda naye mgongoni.

Jumatano, 12 Julai

Nimetoka shule nikakuta ua mzima umejaa watu. Masanja ameshikwa na degedege saa za mchana. Macho yaligeuka, meno yakaumana, mama yake akapiga kelele mpaka barabarani. Wamempeleka hospitali. Walipopekua chini ya kitanda kutafuta kadi ya kliniki, wakamkuta panya wangu.

Baba Masanja alikuwa amemning'iniza kwenye kijiti. Hataki kumgusa. Wamempasua tumbo. Fulana ya mtoto ndani, kitenge cha Bibi Milembe nje, manyoya, uzi mwekundu, mafundo. Nilimtazama kama wanavyomtazama wao na nikaogopa. Mimi niliyemshona! Nikaogopa kweli.

"Kitenge hiki cha nani hapa uani?" Baba Masanja akauliza. Hakuna asiyejua. Bibi alikuwa amelivaa lile gauni.

Mtu akasema, "Na macho yale mekundu, ya mchawi." Bibi anakaanga mapanki kutwa nzima. Minofu ya sangara inapanda ndege, mifupa anakaanga yeye, na moshi wote unamwingia machoni. Wanaujua moshi huo. Wameula pamoja na samaki wake miaka yote.

Bibi alisema neno moja tu: "Mimi?"

Mimi sikusema lolote. Nilisimama na mkoba wa shule begani.

Alhamisi, 13 Julai

Hakuna aliyenunua samaki kwa Bibi leo. Asubuhi amekuta karai lake limepinduliwa, mafuta yote mtaroni. Baba Masanja anasema akifika Jumapili bado yumo humu, asilaumiwe mtu. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Mwaka juzi kule Buswelu kuna bibi alikatwa mapanga kwa maneno ya hivihivi. Tulisikia, tukasikitika, tukaendelea kula.

Nimemwambia Mama. Nilidhani atanipiga. Alifunga mlango, akakaa kitandani na nguo zake za kiwandani, zinanuka samaki.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi ishie hapo."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu kama mtoto mdogo. Baba alipunguzwa kazi, yuko Geita anachimba dhahabu, habari zake hatuna. Nikisema ni mimi watatufukuza sisi. Au watafanya zaidi ya kufukuza. "Yule ni mzee, Rita. Ana kwao Sengerema. Sisi tuna wapi?"

Mama anasali jumuiya. Mama hupeleka uji kwa wagonjwa. Mama ameniambia ninyamaze.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba nilifurahi. Kwa dakika hivi. Nilifurahi kuambiwa ninyamaze.

Ijumaa, 14 Julai

Nimempita Bibi uani. Nikasema shikamoo kwa sauti ndogo. "Malahaba, mjukuu wangu," akajibu. Watu waligeuka kunitazama.

Sili. Kesho mwenyekiti wa mtaa anaitisha kikao.

Jumamosi, 15 Julai

Niandike kabla sijasahau, ingawa sitasahau.

Walikaa kwenye mabenchi na ndoo zilizopinduliwa. Bibi katikati, kwenye kigoda chake. Mwenyekiti ni mzee mnene anayependa utaratibu, amekuja na soksi na viatu vya kung'aa. Panya alikuwa juu ya gunia mbele yake. Mama Masanja alikuja kutoka hospitali, mtoto amebaki na shangazi yake. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayekijua kitu hiki.

Nikajikuta nimesimama. Sijui miguu iliamriwa na nani.

"Ni changu."

"Sema kwa sauti, binti."

"Ni changu! Nilikishona mimi."

"Ni kitu gani?"

Hapo neno likapotea. Nilikuwa nalo la Kiingereza, liko wazi kabisa kichwani, pamoja na picha yake. La Kiswahili hakuna. Wote wananitazama. Nikasema, "Ni mdoli. Mdoli wa paka."

Kisha mama mmoja wa nyuma: "Mdoli! Si mnasikia? Amemtengeneza mtoto wa watu mdoli, akamjaza fulana yake."

"Wa paka," nikasema. "Wa kuchezea paka."

"Paka wa nani?"

Nikajibu kweli. "Wa Bibi Milembe."

Kelele! Sijawahi kusikia kelele za namna ile zikinihusu mimi. Baba Masanja akanyoosha kidole. "Bibi ameshamrithisha. Tunaye mwingine, na huyu amesoma." Nilikuja kumtoa Bibi kwenye shimo, nikaingia naye. Kila nilichosema kilikuwa kweli na kila kilichokuwa kweli kilituzamisha.

Bibi alininong'oneza, "Kaa chini, Lita, watakuumiza."

Nilikaa chini kweli. Vumbini, mbele ya mwenyekiti. Nikasema, "Mzee, naomba soksi yako."

"Nini?"

"Soksi moja. Nikushonee uone. Mtaona wote."

Kuna mtu alicheka. Mwenyekiti alitazama huku na huku, akavua kiatu, akavua soksi. Ina tundu kisiginoni. Wakacheka wawili watatu. Sikuwa na sindano. Nikainua kichwa, na Mama alikuwa amesimama mbele yangu. Mama aliyenifungia mlango. Alichomoa sindano anayoichomeka kwenye kola ya gauni, ina uzi tayari. Akanipa. Hakuniangalia usoni. Akarudi, lakini hakukaa alipokuwa amekaa. Alikwenda kusimama nyuma ya kigoda cha Bibi.

Nikashona. Niliomba pamba, mtoto akanipa ya mto uliochanika. Niliokota vizibo viwili na unyoya pale pale uani. Kila kitu nilikiinua juu kwanza wakione. Watoto walisogea mpaka wakanizibia mwanga. Nilifunga mafundo nikieleza, "Hili la kuzuia uzi usifumuke." Sijawahi kuongea hivyo darasani.

Ruksa hakuitwa. Alikuja mwenyewe kutoka chumba cha Baba Masanja, chumba kile kile, mlango ukiwa nusu wazi. Nikavuta soksi kwa uzi. Akalala chini, mkia ukipiga vumbi. Akaruka. Akaikumbatia, akalala chali akiipiga mateke ya nyuma, vizibo vinalia. Kisha akaing'ata, akakimbia nayo na kurudi kule kule chumbani kwa Baba Masanja, chini ya kitanda.

"Soksi yangu!" akasema mwenyekiti.

Ua mzima ukaangua kicheko. Wanaume walishika mbavu. Yule mama wa nyuma alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Midomo ile ile.

Mimi sikucheka. Bibi hakucheka. Mama Masanja hakucheka. Alinijia karibu akasema polepole, "Ulijua tangu Jumatano?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu yuko kwenye dripu, mume wangu ananoa panga, na wewe unajua."

Akageuka, akarudi hospitali.

Jumapili, 16 Julai

Kichezeo! Neno lilikuwepo. Kichezeo cha paka. Limenijia kanisani wakati wa mahubiri, nikajifunika mdomo. Hata mtoto wa darasa la tatu analijua.

Masanja ameruhusiwa. Ni malaria, wamempa kwinini. Baba yake alikwenda kwa Bibi na chupa ya mafuta ya kupikia kufidia yale yaliyomwagwa. Akasema, "Bibi, yalikuwa mambo ya hasira." Bibi akapokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Nilidhani yameisha.

Jumanne, 18 Julai

Bibi anahama.

Nilimkuta anafunga vyombo kwenye shuka. Nikamwambia mbona wamekubali, mbona wamecheka. Akaniambia nikae.

"Nimekaa nao tangu kiwanda hakijajengwa. Wamekula kwangu kwa mkopo na bila mkopo. Hakuna hata mmoja aliyenijia akaniuliza, Bibi, hiki ni chako? Hata mmoja, Lita."

Alikuwa hanisemi mimi. Lakini na mimi sikwenda kumwambia. Ningeweza kubisha hodi Jumatano jioni. Vyumba vyetu vinatazamana.

Nilimwomba msamaha. Alisema, "Wewe mtoto." Sijui kama ni msamaha.

Jumamosi, 22 Julai

Tumemsindikiza Bibi hadi kivukoni Kigongo, Mama na mimi. Mama alibeba karai kichwani. Kivuko kilichelewa, tukala mihogo ya kuchoma kwenye mawe. Ziwa lilikuwa limetulia, linang'aa mpaka Busisi, ng'ambo. Bibi alivaa gauni lile la kijani. Nilitaka kumuuliza kwa nini, nikaacha.

Nilimuuliza, na Ruksa je? Akasema paka ni wa nyumba, si wa mtu, na huyo hata akipelekwa Sengerema atarudi kwa miguu kuja kumsumbua Baba Masanja. Hapo alicheka. Mara ya kwanza tangu siku ile. Mama naye akacheka, kisha akaanza kulia, Bibi akamwambia aache, watu wanaona.

Alipanda na watu wa ng'ombe. Hakupunga mkono, alikuwa ameshika mzigo.

Tumerudi jioni. Mama Masanja alikuwa anafua uani. Hajanisemesha wiki nzima. Hakuinua kichwa.

"Amevuka?"

"Amevuka, mama."

Akasuuza, akakamua, akaanika. Nikamshikia upande mmoja wa shuka.