Syokau wa Baharini

Wamunyu, Agosti 2003

Mutheu mwanangu,

Sisi ni wazima. Mbaazi tumevuna, na ile ng'ombe nyekundu imezaa dume tena.

Picha ya mdudu wako wa kilindini ilifika. Kumbe ni wewe wa kwanza duniani kumwelezea vitabuni, na ukampa jina langu, Syokau! Babako, na uchongaji wake, alitazama gamba lake lililopinda akasema, "Hii pembe ndogo ya ndovu naichonga kabla chai haijachemka." Mimi nilitaka kukasirika. Umesema hana macho, anaishi matopeni gizani, na gamba lake liko wazi huku na huku kama ushanga. Sasa huyo ndiye mimi?

Halafu nikakumbuka jina hilo lilikuwa linamngoja nani. Msichana wako wa kwanza alichukua la mama ya bwanako, kama inavyotakiwa. Langu lilikuwa la huyu wa pili. Alituacha kabla ya siku ya kupewa jina, na mtoto kama huyo kwetu haliliwi. Nyumba yote ikanyamaza, na wewe ukarudi kwenye meli yenu ya utafiti.

Nimeelewa, mama. Umelipeleka jina mahali hakuna wa kukunyamazisha.

Ule ushanga ambao baba ya mtoto angemvalisha siku ya kupewa jina bado niko nao, niliutunga mwenyewe. Nimeufunga pamoja na barua hii. Shingoni hautakutosha. Uvae mkononi, halafu ulie.

Ni mimi mamako,
Syokau