Baba Yupo, Mama Aandikwe Mkuu wa Kaya?

Mpendwa Shangazi Hadija,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo ukurasa wa kusajili kaya unafungwa. Majina nimeyabadilisha yote, kwa kuwa huku Kibiti tunajuana.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na likizo hii mwalimu wetu wa kompyuta alinichagua nimsaidie mtendaji wa kijiji, Bwana Ukasha, kuingiza kaya kwenye ukurasa wa mtandao wa mradi wa tahadhari ya mafuriko, na kazi yenyewe si ngumu, unabonyeza "Ongeza kaya", unajaza jina la mkuu wa kaya, kitambulisho chake, namba moja ya simu na mahali wanapokaa, chini kuna nafasi ya maelezo ambayo sisi tunaiacha wazi, kisha unabonyeza "Hifadhi", na tangu hapo maji yakitarajiwa kupanda simu ile inapata ujumbe.

Nilikwama nilipofika kwetu. Baba yangu, Mzee Mshamu, ana wake wawili, mama mkubwa Zuena anakaa hapa barabarani, na mama yangu, Mwanaharusi, ana nyumba yake bondeni kwenye mpunga, baba humwendea kwa zamu, na mimi nakaa kwa mama mkubwa kwa sababu ya shule. Nilimwandika baba na nyumba ya barabarani, ikakubali, nilipomwandika tena na nyumba ya bondeni ukurasa ukakataa, ukasema mkuu wa kaya huyu ameshasajiliwa. Bwana Ukasha akasema, "Mtambo huu haujui uke wenza. Muandike mama yako mkuu wa kaya, weka simu yake, tuendelee." Nikajaza, lakini kabla sijahifadhi Bi Maimuna, jirani yetu aliyekuwa akisubiri zamu yake, alichungulia kwenye kioo akawaambia wenzake, "Mwenzetu kaachwa na kompyuta. Eda anaanza leo au kesho?" Wakacheka, na mimi nikafuta kila kitu.

Maneno yalimfika baba msikitini kabla mimi sijafika nyumbani. Aliniuliza, "Nani kakwambia mama yako hana mwenyewe?" Nikajaribu kumweleza kuhusu ukurasa, akasema, "Jina la mama yako liko chini ya langu na litakaa hapo hapo." Nikampigia mama, naye akasema niache. "Maji yakija, mwanangu, nitapanda dunguni. Maneno ya watu nitayapandia wapi?"

Shangazi, mwaka ule wa mafuriko, kabla ya ukurasa huu, ujumbe wa tahadhari wa kijiji uliingia kwenye simu ya baba akiwa Ikwiriri anauza ufuta, aliusoma jioni, na mama alikuwa ameshapata habari kwa maji yenyewe, akakaa juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo cha kulindia mpunga, na mdogo wangu mgongoni mpaka watu wa mtumbwi walipowaona. Sasa mama ana simu yake, na mtandao unashika vizuri akiwa juu kule. Nywila ya ukurasa ninayo, naweza kumhifadhi kimya kimya na hakuna atakayejua, au niongeze herufi moja kwenye jina la baba na kubadili tarakimu ya kitambulisho ili ukurasa udhani ni mtu mwingine. Je, nikifanya hivyo nitakuwa nimekosa?

Ni mimi, binti wa Kibiti

*

Binti wa Kibiti,

Ndiyo, utakuwa umekosa. Nywila umepewa kwa kazi ya kijiji, si kwa siri za nyumbani kwenu. Na ukibuni Mshamu mwingine, mradi utakuwa na mtu ambaye hayupo, na watakapomfuta watamfuta pamoja na simu ya mama yako.

Kosa la kwanza ulishalifanya. Ndoa ya wazazi wako imesomwa mbele ya Bi Maimuna kabla haijazungumzwa na baba yako. Kilichomuuma ni hicho, si kompyuta. Kamwombe radhi kwanza, na usiitaje kompyuta mpaka akujibu.

Hofu yako lakini ni ya haki, na simlaumu mtoto anayemhofia mama yake maji. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Nani aliyempa mama yako nyumba yake, jiko lake na ghala lake? Ni baba yako, naye alifanya hivyo kwa sababu dini inamtaka awe mwadilifu kwa wake zake. Kaya mbili amezifanya yeye. Ukurasa umechelewa tu kujua. Na uadilifu huo hauwezi kumpa mke mmoja habari ya maji, wa pili akayaona mlangoni.

Maneno haya usimwambie wewe, wewe ni mtoto. Mpelekee mama mkubwa Zuena. Yeye ndiye anayelala pakavu, na mke mwenza akisema "mwenzangu naye apate", hakuna wa kuita jambo hilo talaka.

Baba akilainika, aende mwenyewe kwa mtendaji, mchana, watu wakiwepo, aseme kwa kinywa chake: "Hii ni nyumba yangu ya pili." Hapo mama yako aandikwe mkuu wa kaya hiyo kwa simu yake, na ile nafasi ya maelezo mnayoiacha wazi, ijazeni: mke wa Mshamu. Bi Maimuna akiwepo, vizuri zaidi.

Asipolainika, mama yako ni mtu mzima na simu ni yake. Muulize tena, mkiwa wawili tu. Akitaka, aje mwenyewe kwa Bwana Ukasha, na anayebonyeza awe Bwana Ukasha, si wewe. Akikataa, mwachie.

Akishahifadhiwa, subiri arudi bondeni, kisha ipigie namba ile. Isipoita, mmeandika jina tu. Ikiita akapokea akiwa juu ya dungu lake, hapo ndipo kazi yako imekwisha.

Shangazi Hadija