Neno Mwalimu kwenye Kaburi la Babu

Babu yetu Ndesanjo, umetimia mwaka sasa tangu tukulaze hapa shambani Nkoaranga, kwenye migomba yako. Asubuhi bado tunasikia kama unakohoa.

Ulitunga mashairi, magazeti yakayatoa, ukajulikana. Lakini wewe ulipenda uitwe Mwalimu, maana ulifundisha miaka mingi shule moja karibu na Kikatiti. Mimi sauti yangu ni ndogo, nikiongea watu hawanisikii. Wewe ulikuwa unasogeza kigoda, unasema, "Rudia mjukuu wangu, shairi halina haraka."

Ukiwa bado hai, Dada Agnela, mtafiti wa chuo kikuu, alikuja aandike maisha yako ya ualimu. Akatafuta faili lako wilayani, wakamtuma shuleni. Stoo ya shule inavuja, mchwa wamekula karibu kila kitu. Kwenye karatasi zilizobaki walimu wenzako wapo, wewe hupo. Maneno yakatoka nje. Watu wakakucheka mpaka dukani, "Mwalimu wa gazetini huyo!" Ukaacha kwenda dukani. Halafu ukaacha na kutunga.

Ukaugua, ukalazwa. Hospitalini kila tukiingia unauliza, "Wameliona faili?" Mama anakujibu, "Bado, Baba." Siku ya mwisho hukuuliza. Uliangalia tu mikono ya Dada Agnela, ukaona haijabeba kitu, ukageukia ukutani.

Wiki iliyopita tumekujengea kaburi. Baba mkubwa Stanley akasema neno Mwalimu lisiandikwe, tusije tukachekwa tena. Mama akalia tu mbele ya shemeji yake.

Fundi Meitamei alikuwa analainisha saruji. Akasimamisha mwiko.

"Mzee Stanley, huyu baba yako alinichapa kwa sababu ya saba mara nane. Kama hakuwa mwalimu, alinichapa kama nani?"

"Una karatasi?"

"Karatasi sina. Hamsini na sita ninayo mpaka leo."

 Baba mkubwa akaokota msumari, akapiga magoti, akaliandika neno mwenyewe kabla saruji haijakauka. Herufi zimepinda kidogo.

Babu, neno lipo sasa. Ila wewe hukuliona, na hilo ndilo linatuuma.

Unakumbukwa na mke wako Bibi Tabea, mwanao Stanley, mkweo Joyce mama yetu, wajukuu zako Anande na Nice, pamoja na mwanafunzi wako Meitamei.

Siku zote tutakukumbuka, Mwalimu.