Pole Iliyopigwa Foto

Buyenzi, 14 Januari 2025

Mutoto wangu Anouar,

Assalam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe, muke wako Rania na watoto. Huku kwetu tuko wazima, ila magoti yangu, na sukari imepanda kidogo. Alhamdulillah. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Jana nilikuwa natoka sokoni Bwiza kwa miguu, maana mafuta hakuna na basi zote zimelala foleni. Nafika pale barabara inapokata kuja Buyenzi, nainua macho, naona pano la matangazo, kubwa kama nyumba. Juu ya pano, Mwanamwema. Mwanamwema wangu, jirani wa mulango kwa mulango, mujane wa Djibril! Analia. Ameshika taa yako ya sola kwa mikono miwili. Na chini wameandika herufi ambazo hata mi bila miwani nimezisoma: «Alilia kwa furaha. Sasa ana mwanga. Fondasyo Anouar Massoudi.»

Nilikaa chini, Anouar, pale pale kando ya muuza ndizi. Watu wakanipepea.

We mutoto, hujui kwamba Mwanamwema yuko edani? Miezi mine na siku kumi mujane anakaa ndani, hajipambi, haonekani na wanaume wasio wake. Wewe umeenda kumutundika barabarani, kila shofere wa lori amutazame!

Na unajua walimupataje? Mwezi wa kumi na mbili vijana wa shirika lako walibisha hodi. Akauliza kwa nyuma ya pazia, nani amewatuma? Wakasema, Anouar. Sasa kwetu Buyenzi, mutu akibisha hodi kwenye nyumba ya eda na kitu mukononi, ameleta pole. Hakuna anayeuliza zaidi. Akajifunika, akatoka uani, akapokea, akainua mikono akakuombea dua, na akamulilia mume wake. Kijana mumoja alikuwa na simu mukononi, kama vijana wote, nani angejua anapiga foto? Siku ile Mwanamwema alinihadithia mpaka macho yanang'aa: «Waridi, mutoto wetu amekumbuka. Ametuma pole.» Na mi pia nilifurahi, mujinga mukubwa mimi.

Mwanamwema hajui habari ya pano. Wanawake wote wa kartye, mutaa muzima, tumefunga midomo. Lakini mwisho wa Februari eda inakwisha. Asubuhi hiyo tutamuogesha, tutamuvalisha nguo mpya na tutatoka naye kwenda kusalimia watu. Naomba kitu kimoja tu: pano lishuke kabla hajatoka.

Barua nampa Claude, shofere wako, ameleta gari yako gereji. Kwa simu sikupigii tena. Inapokewa na watu nisiowajua.

Shangazi yako,
Waridi


Bujumbura, 22 Januari 2025

Mpendwa Mnufaika,

Fondasyo Anouar Massoudi inakushukuru kwa kutuandikia. Maoni ya wanufaika wetu ni nguzo ya kazi yetu ya kuleta mwanga katika kila kaya.

Tunapenda kukuhakikishia kwamba picha zetu zote hupigwa kwa ridhaa ya wahusika na kwa kuheshimu utu wao. Maombi ya taa za ziada yatashughulikiwa baada ya robo ya kwanza ya mwaka.

Tunakutakia afya njema wewe na familia yako.

Anouar Massoudi
Mkurugenzi Mkuu


Buyenzi, 24 Januari 2025

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Salamu ni ya Mungu, siwezi kukunyima: assalam aleykum. Afya sikuulizi.

Mnufaika! Mi, Waridi binti Ilyasi, mnufaika! Nilikuogesha tangu kitovu hakijadondoka. Siku ya kutahiriwa ulinishika shingo mpaka kucha zako zikaniingia, alama ninayo. Leo nakuandikia nakuomba pano lishuke, unanijibu kwamba taa nitapata baada ya robo ya mwaka. Nani amekuomba taa? Taa yako uwashe ujitazame.

Na kwa sababu tumeanza, wacha tumalize. Mwaka jana nilikuona kwenye televizyo, umevaa koti, unapewa tuzo ya kijana wa kwanza wa nishati sijui ya wapi. Nilipiga vigelegele sebuleni. Mwandishi akakuuliza ulijifunza wapi mambo ya umeme. Ukasema: «Nilijifundisha mwenyewe, kwa simu.» Mwenyewe! Baba yako Massoudi alipokufa ulikuwa huna hata viatu. Djibril ndiye aliyekuchukua gereji yake, akakuonyesha waya mumoja mumoja, akakulipia shule mpaka ukaingia universite. Mchana ulikula chungu cha nani? Cha Mwanamwema. Na unajua nani alikuwa ameketi karibu yangu mbele ya televizyo ile? Djibril mwenyewe, alikuja kuangalia kwangu kwa sababu kwake umeme ulikatika. Alisema tu, koti limemukaa vizuri.

Siku aliyokufa nilikupigia mimi mwenyewe. Ulipokea. Ukasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, ukasema uko mukutanoni, utakuja jioni. Jioni hiyo bado haijafika, Anouar.

Shusha pano.

Shangazi yako, mnufaika,
Waridi


Rohero, 2 Februari 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Waaleykum salam warahmatullah. Sukari inaendeleaje? Unakunywa dawa, ama umerudi kwenye zile majani za jirani? Rania anakusalimia sana, na watoto wanakuulizia kila Ijumaa.

Barua hii naandika kwa mukono wangu. Ile yako ya kwanza sikuiona. Barua zote zinapita kwa Patricia wa komunikasyo, yeye hakujua wewe ni nani, na sahihi yangu iko ndani ya mashine. Nisamehe. Nimemugombeza.

Lakini na we unisikilize, maana na mi nina moto wangu. Munafikiri hizi taa zinaota kwenye miti? Kule Ruziba wamama walikuwa wanazaa kwenye mwanga wa simu, mukunga ameshika simu kwa meno! Leo wana sola kwenye paa, friji ya chanjo inafanya kazi. Nyumba ngapi zina mwanga kwa sababu yangu? Na wafadhili hawatoi kwa kusikia, wanataka kuona sura. Nikiwapelekea hesabu wanapiga miayo. Nikiwapelekea uso wa mama Mwanamwema, wanalia na wao. Kule Buyenzi munaona pano tu, kazi hamuioni.

Foto ile niliichagua mi mwenyewe, sikufichi. Nilimujua. Nilifikiri ni heshima kwake.

Kuhusu Djibril, siku ile mukutano ulichelewa. Kesho yake niliona haya kuja nimechelewa. Wiki ikipita haya inaongezeka. Sasa mimi nafikaje pale, naanza na neno gani?

Nina ombi, Shangazi, na we tu ndiye unaweza kunisaidia. Tarehe 20 wanakuja wafadhili watatu kutoka Ulaya, tutakuwa na sherehe hotelini, kando ya ziwa. Wameona lile pano kwenye mtandao na wameuliza: yule mama yuko wapi? Wanataka kumuona kwa macho. Wakiridhika, tutaweka sola kwenye vituo vya afya mpaka Rumonge. Naomba umulete. Aseme maneno mawili tu, atafsiriwe. Nitatuma Claude na gari ya vioo vyeusi, hakuna atakayemuona njiani. Wageni wakishaondoka, Machi, pano nitashusha. Nakuahidi.

Mutoto wako,
Anouar


Buyenzi, 4 Februari 2025

Anouar,

Assalam aleykum. Sukari imepanda, na aliyeipandisha ni wewe.

Vioo vyeusi! Yarabi! Unamutoa mujane edani kwa gari ya vioo vyeusi, unamupandisha mbele ya wanaume awashukuru kwa kufiwa? Halafu atafsiriwe? Watatafsiri nini? Machozi ya musiba kwa kifaransa yanaitwaje?

Ruziba sikatai. Mungu akulipe kwa kila mutoto aliyezaliwa kwenye mwanga, nasema kwa moyo wangu wote. Lakini wema haukupi ruhusa ya kumuvua mutu nguo. Sisi hapa hatukungoja fondasyo ndipo tujue kusaidia. Djibril alikulipia shule na jirani hawajui mpaka leo, mi nimejua kwa kuwa nilikuwa nakuoshea uniforme aliyokununulia.

Unauliza utaanza na neno gani. Claude alipoleta barua yako, nilimwambia nyumba ile kuna musiba. Akatoa kofia. Akaenda akasimama nje ya pazia, akasema kwa sauti: «Mama, pole sana, Mungu akupe nguvu.» Basi. Akarudi kwenye gari. Claude ni mukristo wa kule Ngozi, kaskazini, hajawahi kula hata punje ya mchele nyumba ile. Neno lenyewe ni hilo, muulize shofere wako akufundishe.

Mwanamwema hatoki, haji hotelini, na mi sitamuuliza. Kutoka buro yako ya kazi mpaka hapa mutu anatembea kwa miguu, na jua halijamuchoma. Njoo bila taa na bila vijana. Na pano lishuke kabla ya mwisho wa mwezi. Machi ni kuchelewa, umesikia? Ningekuwa na magoti yangu ya zamani ningepanda mwenyewe na panga.

Shangazi yako,
Waridi


Buyenzi, 27 Februari 2025

Anouar,

Assalam aleykum. Hukunijibu. Nimesikia sherehe ilikwenda vizuri, kwamba mama mwingine alisimama akasoma karatasi. Haya.

Jana Mwanamwema ametoka edani. Tulimuogesha asubuhi, mi na jirani zetu Amira na Khadidja, tukamuvalisha kitenge cha buluu. Amekonda, nguo ilimuzunguka. Nilimwambia tupite huku nyuma, njia ya gereji, kuna kivuli. Akacheka, mara ya kwanza tangu musiba wa Oktoba. Akasema: «Waridi, mi siyo mwizi. Nataka barabara kubwa. Djibril alinipitisha pale siku ya harusi.» Utamujibu nini mutu kama huyo?

Tukaenda. Kila hatua nilikuwa naomba, Mungu, fanya kijana awe ameshusha. Pano lilikuwa pale pale.

Mwanamwema alisimama chini yake, magari yanapiga honi. Wanaume waliokuwa pale waliinama, kila mumoja akajifanya anatafuta kitu chini. Akaniuliza, «Ni mi?» Nikasema ni wewe. «Wameandika nini?» Hajui kusoma, unajua. Ningeweza kumudanganya. Nilisoma kama ilivyo. Akasema, «Furaha?» Mara moja tu. Halafu akavuta mtandio akafunika uso, pale barabarani, nguo mpya mwilini, akafunika uso kama bado yuko edani.

Tulimurudisha nyumbani. Kusalimia watu kumekufa. Alikaa kwenye kitanda, akanishika mukono, akaniuliza swali moja. Hakuuliza pano. Aliniuliza: «Anouar alijua kama Djibril amekufa?»

Anouar, mi ni mutu mzima. Nilikuwa na udhu. Nilimwambia: «Hakujua.»

Akapumua. Akasema: «Basi mutoto hana kosa. Alituma taa kama anavyotuma kwa watu wote. Akipata habari atakuja.» Na akalala usingizi.

Sasa unaelewa umeniweka wapi? Nimekudanganyia kwa mutu aliyekulisha. Sitaki asante. Nataka uje umwambie mwenyewe kwamba ulijua. Akikufukuza, akufukuze. Akikusamehe, ni yeye. Mi uongo wako sitazikwa nao.

Shangazi yako,
Waridi


Buyenzi, 9 Machi 2025

Anouar,

Assalam aleykum, na Ramadhani njema.

Pano limeshuka, nimeliona. Limewekwa la kampuni ya simu. Umetimiza ahadi, Machi umesema na Machi imekuwa. Mchele na mafuta uliyotuma kwangu nimegawa kwa watu wa musikitini, usitume tena.

Mwanamwema anafunga, muzima, anakusubiri. Gari ikisimama njiani anatengeneza mtandio. Juzi alinunua majani ya chai yale mazuri, ya mugeni. Jana tulikuwa wote jikoni kwake, tunakaanga sambusa za futari, akaniuliza mbona hufiki, ama habari ya musiba bado hujaipata. Nikasema uko safari, Ulaya, utarudi baada ya Iddi. Ndiyo, nimesema hivyo nimefunga.

Sijamaliza sentensi, redio ya jirani ikakutaja. Halafu ikatoka sauti yako. Unasema uko studio hapa hapa Bujumbura, unawashukuru wasikilizaji, na Ijumaa utafuturisha mayatima wa Bwiza, kamera zote zinakaribishwa.

Nilishindwa kumutazama. Nilitazama mafuta kwenye karai, na sambusa zikaungua. Nilingoja anitukane, wallahi ningeshukuru.

Mwanamwema akafuta mikono. Akasema: «Alhamdulillah, amerudi salama.» Akaenda sebuleni, nikamusikia anasogeza viti, anatandika mukeka.

Shangazi yako,
Waridi