Kibati Shingoni Mwangu

Kwa baba yangu mpenzi, huko Kabambare,

Nakusalimu kwa heshima yote, baba. Je, kikohozi kimekuachia kifua? Na mama, mguu wake unamwezesha kufika shambani? Mimi mwili mzima, njaa kidogo, hasira nyingi. Yusufu, mdogo wangu, wewe unayemsomea baba barua hii, soma polepole wala usiruke maneno makali. Nimeyaandika ili yasikike.

Najua umbea utafika kwenu kabla ya karatasi hii. Watakwambia mwanao Ramazani, ambaye misioni wanamwita Stefano, amefukuzwa ualimu wa dini hapa Kasongo kwa sababu ya kiburi. Kufukuzwa ni kweli. Na kama kumwambia mkubwa ukweli ni kiburi, basi kiburi nacho ni kweli.

Unakumbuka kwamba sisi walimu wa dini hatukulipa kodi ya Bulamatari, hii serikali ya Wazungu. Misioni yenyewe hailipi: kahawa yake hailipiwi, tanuri lake la matofali halilipiwi, wala ile ardhi yote inayoshuka hadi mtoni. Wafanyakazi wake nao wamesamehewa, na barabara hawalimi. Watu wa kijijini ndio wanaouza pamba na mawese mpaka wapewe kile kibati cha kodi, wakitie kamba, wakivae shingoni ili askari akione. Mimi nilivaa medali ya Maria tu, na askari walinipisha njia. Siku naondoka nyumbani uliniambia, "Mwanangu, ukila cha mutu, utasema maneno ya mutu." Nilicheka. Kwa muda mrefu niliona umekosea, maana hakuna aliyenitaka niseme ila maneno ya Mungu.

Kisha chifu wetu wa hapa akafa. Wazee wakamtaka Sefu, mpwa wake, Mwislamu, mtu mpole anayejua mipaka ya kila shamba. Padri wa misioni akamtaka Petro, msimamizi wa kahawa yao. Akaniita nyuma ya kanisa.

"Mwalimu, Jumapili utaambia watu: atakayesimama nyuma ya Sefu, mutoto wake hatabatizwa."

"Padri, hilo neno iko mu Injili gani?"

"Iko mu kinywa changu. Inatosha."

Jumapili nilisalisha, nikaimbisha, lakini tisho lile sikulitamka. Neno lile Padri alilitoa mwenyewe, kwa sauti kubwa, na akina mama wenye watoto mgongoni wakainamisha vichwa. Baba, nilikasirika sana. Chifu kazi yake ni kuwatoza watu kodi. Vipi achaguliwe na nyumba isiyolipa hata senti? Lakini nami ningesema nini, nami nimesamehewa vilevile? Ndipo nikachukua kile kitambaa cheupe nilichokuwekea, cha kanzu yako ya Idi, nikakiuza sokoni, nikaenda kwa karani wa kodi.

Karani akacheka. "Mwalimu, wewe haiko mu kodi. Rudisha feza yako."

"Pokea," nikamwambia. "Toka lini Bulamatari anakataa feza?"

Akapokea, akanipa kibati. Nikakificha ndani ya shati.

Siku Bwana Mkubwa wa Bulamatari alipokuja, aliamuru wanaume wajipange kila mmoja nyuma ya anayemtaka. Padri akaleta wafanyakazi wote wa misioni wakiimba, na mstari wa Petro ukawa mrefu kupita ule wa Sefu. Hapo Mzee Kalonda, mfua chuma, akatoka mbele ameshika kibati chake.

"Bwana, chifu ndiye atatulipisha kodi. Hawa watu wa misioni hawalipi, halafu watuchagulie mwenye kutulipisha? Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Misioni iko mugeni wetu, jembe haijashika, na leo inataka kugawa shamba! Mwenye kibati abaki. Asiye nacho atoke!"

Padri akapiga kelele kwamba hii ni vita juu ya Kanisa. Bwana Mkubwa, ambaye anapenda kodi kuliko sala, akasema vibati vionyeshwe. Mstari wa Petro ukapukutika, nusu yake ikaenda kukaa kivulini. Mimi nilikuwa humo, mahali Padri aliponiweka. Nikafungua shati, nikatoa kibati kando ya medali, nikatembea polepole mbele yao wote hadi nyuma ya Sefu. Hakuna aliyenizuia.

Sefu bado hajasimikwa. Bwana Mkubwa anasema atauliza wakubwa wake. Lakini Petro naye hajasimikwa, na Kasongo nzima inajua kwa nini.

Jioni ile ile Padri alinitoa katika nyumba ya misioni. "Stefano, nani alikulisha?"

"Ulinilisha, Padri, merci. Lakini kinywa changu sikukuuzia."

"Sasa utalima barabara pamoja na wapagani."

"Nitalima. Na Jumapili nitakuja kusali. Kanisa haiko shamba lako la kahawa."

Basi sasa nalima barabara ya Nyangwe na kulala kwa Mzee Kalonda. Mikono imetoka malengelenge. Jumapili naketi nyuma kabisa kanisani, na watu wananisogelea badala ya kunikimbia. Sitaomba msamaha, baba. Wakinirudishia ualimu kwa masharti yale yale, nitakataa tena.

Nisalimie mama, na shangazi aliyenilea, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha herufi za kwanza. Mwambie sijamsahau kwa sababu ya ubatizo. Yusufu, nawe ule vizuri.

Kanzu ya Idi haitakuja mwaka huu. Unisamehe kwa hiyo tu. Kamba ya kibati inawasha kwa jasho, na siku ya kwanza nilipojikuna nilikumbuka ule mstari mweusi ulio shingoni mwako, ambao nikiwa mdogo nilidhani umezaliwa nao. Wakija kukuuliza mwanao anakula cha nani huko Kasongo, usiwajibu neno. Fungua kola, uwaonyeshe shingo yako, uwaambie yangu inaanza kufanana nayo.

Ni mimi mwanao,
Ramazani Stefano