Mkwe Anataka Niikane Bahari

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana moyo unachemka na sijui niupoze kwa nini. Mimi ni yaya nyumbani kwa meneja wa shamba la chai hapa Kericho, na mwaka jana nilipelekwa Mombasa na watoto wake nikaona kwa macho yangu bahari ikijaa kisha ikirudi hadi matope yakabaki wazi, na mgeni mmoja mhandisi aliponiona nimeshangaa akanieleza kwamba mwezi ndio unaovuta maji, na kwamba ukijenga ukuta wenye milango na magurudumu, maji yatayazungusha yakiingia na yakitoka, upate umeme bila kuni, bila mafuta, wala kungoja mvua.

Sasa nimeposwa na Zacheus, na baba yake, Mzee Ongeri, ndiye anayetunza mashine ya umeme ya kiwanda, ile inayozungushwa na mto, na kiangazi hiki mto umepungua, mashine imelala, majani mabichi yanaoza, na siku mimi na shangazi yangu tulipowapelekea chakula nyumbani kwao nikamsikia mzee akilaumu mvua, ulimi ukaniponyoka nikasema, "Mzee, bahari haingojei mvua," nikaeleza yote, hali sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya, na mke wa mwana hamjibu baba mkwe hivyo. Mzee akasimama. "Maji ya Mungu inashuka tu! Mimi nimekaa na maji tangu ujana, sijaona imerudi. Mwongo hataingia kwa boma yangu." Anataka Jumapili niseme mbele ya watu wote wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, kwamba nilidanganya, la sivyo harusi hakuna, na Zacheus ananibembeleza, "Sema tu, Elmina, si ni maneno tu?" Nampenda, lakini niliona, na sitasema hata wanifukuze. Je, nimekosea?

Elmina Nyanchoka, Kericho, 1958

Elmina, kaa chini nikugombeze kwanza. Mzee wa watu mashine imemlalia, wakubwa wanamfokea, nawe unafika na ugali wa wimbi kumtangazia bahari! Tena uliiuza kama mchuuzi anayeficha upande uliooza wa nyanya. Ulimwambia kwamba chumvi hula chuma? Kwamba maji husimama kabla ya kugeuka, na gurudumu husimama nayo? Ukuta huo huzuia samaki na mitumbwi, na kuujenga ni gharama ya kutisha. Nguzo za waya kutoka Mombasa hadi Kericho utazichimbia wewe? Wafaransa wenyewe, waliotangulia kuuwazia ukuta kama huo, bado wanachora tu. Mto wa mzee, hata ukipungua, uko mlangoni pake.

Lakini hukudanganya, binti yangu. Bahari hujaa na kupwa, haina kiangazi, na saa zake hujulikana mapema. Mzee asiyeiona hawezi kuiamuru iache.

Kwa hiyo mtume shangazi yako akuombee radhi kwa kujibu pasipo ruhusa. Kwa hilo piga magoti, tena kwa moyo. Jumapili usikane kitu. Heshima si utumwa.

Ninayemtilia shaka ni Zacheus. Mwambie aende kwa baba yake aseme, "Baba, mimi sijaona bahari, lakini Elmina ameona, na ninamwamini." Hayo tu, na kwa sauti ya kusikika. Si ni maneno tu? Akiweza, olewa naye, na mzee atapoa mvua ikinyesha. Akishindwa, usingoje mzee avunje harusi. Ivunje wewe.